Habari za Simba wa Ghorofa ya Kumi na Mbili na Kiatu cha Mama Mkwe

Zimeni redio, enyi watu wa vibaraza na sebule! Mwenye sufuria jikoni na apunguze moto, mwenye mtoto na amtulize, na mwenye simu na ailaze kifudifudi, kwa maana habari ninayowaletea haisikilizwi kwa sikio moja. Wengine wamekwisha kuwasimulia milki zilizoanguka na majeshi yaliyovuka majangwa. Mimi, ambaye vita pekee nilivyopata kuviona kwa macho yangu ni vya paka wawili juu ya bati, nitawasimulia jinsi mtu mmoja, kwa miguu yake mwenyewe na mchana kweupe, alivyotoka nyumbani kwake kwenda kumtafuta fundi viatu katika mji anaoishi. Mnacheka? Haya, chekeni. Nami nilicheka hivyohivyo kabla ya kujua mambo.

Palikuwa na mji uliolala ubavuni mwa jiji kubwa. Jiji lilikuwa na minara, benki, mahakama, na kelele za kutosha nchi tatu. Mji ulikuwa na nyumba. Nyumba, kisha nyumba nyingine, zote rangi ya krimu, zote na geti la kijivu, maana aliyezijenga alifikiri mara moja tu, kwenye ile ya kwanza, akapumzika. Kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza maneno yake, watu wa mji ule walitoka kwa maelfu, wakajipanga kituoni, wakapanda mabasi kwenda kulitumikia jiji. Na kila usiku waliletwa tena, vichwa vimeanguka mabegani mwa wasiowajua, midomo wazi. Hawakuuona mji wao ila gizani.

Miongoni mwa jeshi hilo alikuwamo shujaa wetu, fundi wa lifti, bingwa wa kamba za chuma na vitufe vilivyokwama, Mpandisha-Wakubwa, Mshusha-Wanene. Kazini walimwita Simba wa Ghorofa ya Kumi na Mbili, kwa kuwa ndiko alikowahi kuwaokoa wahasibu wanne waliokwama ndani ya lifti, mmoja wao amekwisha anza kuagana na dunia. Mwandishi wa habari hizi anamfahamu Simba huyo kwa karibu, kwa karibu kuliko anavyopenda, na hapo ataishia.

Miaka saba Simba alikuwa ameishi mji ule. Lakini alinyolewa jijini, akanunua dawa jijini, akatia simu kioo jijini, na Jumapili alilala kama gogo mpaka jua lizame. Njia ya kituoni aliijua kwa taa: kunja kulia penye taa ya kijani ya duka la dawa, pita balbu mbili za buluu za kinyozi, nyoosha mpaka taa nyeupe inayopepesa. Kwa elimu hiyo, na si zaidi, alizoea kujigamba mbele ya watu kwamba mji ule anaujua kama kiganja cha mkono wake.

Basi ikawa Ijumaa moja mama mkwe akaja. Nanyi msidhani alikuja matembezi. Mama huyo aliishi peke yake, mbali, na mwezi uliopita aliteleza bafuni akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani yake aliposhtuka kwamba leo hasikii redio. Tangu siku hiyo bintiye, mke wa Simba, mwalimu wa watoto wa chekechea, hakupata usingizi wa maana. Simu ikilia usiku, anaruka. Isipolia, anaiangalia kwa nini hailii. Alimsihi mama yake ahamie kwao. Akamsihi kwa upole, akamsihi kwa machozi, na mama, ambaye hakupenda kabisa kubebwa bebwa, akakubali kuja kuangalia tu. Ijumaa aje, Jumapili arudi, tiketi amekwisha kukata ya kwenda na kurudi. Akirudi Jumapili, wote walijua, hatakuja tena. Hilo ndilo lililokuwa mezani, wapenzi wasikilizaji, chini ya mzaha wangu wote huu.

Na pale pale, katika ngazi ya mlangoni, mama hata hajasema hodi, kiatu chake cha kulia kikakatika mkanda.

"Usijali, Mama," akasema Simba Jumamosi asubuhi wakinywa chai. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya mgeni, na alijiona mkarimu sana. "Jumatatu nitakipeleka jijini. Kuna fundi hodari chini ya jengo letu."

"Jumatatu mimi niko kwangu," akajibu mama mkwe. "Kwani hapa hakuna fundi viatu?"

"Yupo, Mama," akadakia bintiye, "pale kwenye—"

"Wewe sikukuuliza. Wewe najua unaishi hapa. Namuuliza huyu baba."

Simba akatazama sukari. Sukari haikumsaidia.

"Mji ambao kiatu kikikatika lazima kisafirishwe," akasema mama mkwe, akipuliza chai yake taratibu, "huo si mji, mwanangu, hicho ni chumba cha kulala. Nami siwezi kuja kukaa kwa mtu ambaye mwenyewe hakai."

Lahaula! Neno lile lilimpata Simba katikati ya kifua. Akamtazama mkewe, akaona jinsi alivyoinamisha uso, na moyo ukamchemka. Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Akainua mkono ulioshika kipande cha mkate, akanena:

"Mama! Kwa mikono hii iliyozuia lifti ya tani mbili isiporomoke na mkurugenzi ndani yake, naahidi mbele yako, na mbele ya binti yako, na mbele ya chai hii: kabla ya chakula cha mchana, kiatu hiki kitakuwa kimeshonwa na fundi, humu humu mjini, wala sitamuuliza njia mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke!"

"Kaa umalize chai," akasema mkewe.

"Chai itasubiri historia!"

"Haisubiri, inapoa. Halafu unamwaga makombo. Niache basi nikwambie tu, si mbali, ni—"

Akamnyooshea kiganja. "Usiniambie! Ukiniambia, umeninyang'anya ushindi." Ndugu zangu, mtu mzima huyo, mwenye cheti cha ufundi daraja la kwanza.

"Na mimi nakwenda," akasema mama mkwe. "Nataka kuuona huo mji."

Kwa kuwa viatu vya bintiye vilikuwa vidogo, alivaa ndala za bafuni za mkwewe, zilizokuwa kubwa kama makasia, akaning'iniza mkoba wake begani. Simba akatia kiatu kibovu kwenye mfuko, akavaa kofia, akakaza mshipi. Geti la kijivu likafunguka kwa kilio, na wawili hao wakaingia uwanjani, yeye mbele kama amiri, mama nyuma, pa! pa! pa!

Wakafika kona ya kwanza. Simba akasimama, akaitafuta taa ya kijani.

Taa haikuwapo. Yaani ilikuwapo, lakini imezimwa, na taa iliyozimwa mchana haina tofauti na boksi la plastiki. Badala ya duka moja linalong'aa gizani aliona maduka kumi na zaidi, yote wazi: cherehani zinalia barazani, ndoo zimepangwa mpaka njiani, mwanamume anapaka kiti rangi, watoto wa shule ya muziki wanapiga filimbi vibaya kwa pamoja, mama wawili wanabishana juu ya kitanda kitapitaje mlangoni. Kumbe mji ule ulikuwa na watu! Kumbe ulikuwa na miti yenye maua, na mfereji, na benchi zenye wazee wanaocheza karata kwa hasira. Simba alisimama ameduwaa. Alikuwa amepita hapa mara elfu na hakupata kuyaona hata moja.

"Ni wapi sasa?" akauliza mama.

"Kushoto," akasema Simba, kwa sauti ya mtu anayejua.

Haikuwa kushoto. Wakapita tangi la maji lenye kutu, na chini yake mbwa mweupe amelala. Wakakunja, wakanyoosha, wakapanda kilima kidogo, wakashuka, na Simba njiani akamwonyesha mgeni wake mambo ya mji: "Ile ni shule, Mama." Ilikuwa kiwanda cha magodoro. "Na pale, nadhani, ni ofisi ya maji." Palikuwa msibani, watu wakawatazama. Wakakunja tena, wakafika penye tangi la maji lenye kutu.

"Tangi hili limefanana sana na lile la kwanza," akasema mama mkwe.

"Mama, mji huu una matangi mengi mno."

"Na mbwa je? Nao walinunuliwa pamoja?"

Simba akafuta jasho. Jogoo wa jiji hawiki mji mdogo, na huyu hata kukohoa alishindwa. Lakini kiapo ni kiapo, na mpumbavu mwenye kiapo ni hatari kuliko mpumbavu wa kawaida. Akaongoza tena. Jua likapanda. Ndala zikaendelea kupiga, sasa kwa uchovu, na mara ya tatu mbwa mweupe alipowaona hakujisumbua hata kuinua sikio. Mama akashika ukuta kidogo kupumua, na Simba akakumbuka lile bafu, na ile sakafu, na akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Anamtembeza mama wa watu juani kwa ajili ya mdomo wake.

Mbele yao, nje ya geti la kijivu, mwanamke mmoja alikuwa akianika shuka. Simba akavua kofia. Na hapa, enyi mnaosikiliza, ndipo vita halisi vilipopiganwa, si barabarani bali kooni mwake, kati ya kiapo na swali. Swali likashinda, likatoka limechanika.

"Samahani, dada. Mimi ni mgeni hapa. Fundi viatu yuko wapi?"

"Karibuni," akasema mwanamke yule, akatoa vibanio mdomoni. "Mmefika lini?"

Uongo mdogo ungetosha. Jana, angesema, yakaisha. Lakini mama mkwe alikuwa ubavuni mwake.

"Miaka saba iliyopita," akasema Simba.

Mwanamke akaacha shuka. "Miaka saba! Mtaa gani?"

"Mtaa huu huu. Nyumba yangu ni ile," akasema, maana ndipo tu alipoutambua mtaa wake, akinyoosha kidole kwenye geti la kijivu.

"Ile ni yangu."

"Basi hii ya pili yake."

"Hiyo ya Mwalimu?" Akamtazama juu mpaka chini, kisha akapiga makofi ya mshangao. "Jamani! Kumbe Mwalimu ana mume! Sisi mtaa mzima tunajua yule dada anaishi peke yake. Juzi juzi alipougua homa tulipokezana kumpelekea uji. Nikamwambia, wewe dada, mtu hakai hivi, tafuta hata ndugu. Akacheka tu. Kumbe ana mume!"

Simba akakunja kofia yake mkononi. Homa? Alikumbuka, kwa mbali, mkewe akimwambia usiku mmoja kwamba hajisikii vizuri, naye akajibu pole huku amekwisha lala nusu. Alitamani ardhi ipasuke. Hakuthubutu kumgeukia mama mkwe.

"Fundi yuko kituoni," akaendelea jirani, kwa huruma sasa. "Pale pale yanapopakia mabasi ya jijini."

"Dada yangu, pale mimi napanda basi kila siku ya Mungu. Pale hakuna fundi."

"Unapanda saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Fundi anafungua saa tatu, baba."

Wakaenda. Haikuwa mbali, kama yule mke alivyotaka kusema tangu asubuhi, ilikuwa kona moja tu na kipande. Na pale kituoni, chini ya mwavuli wenye viraka, alikaa fundi viatu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ngozi na misumari imemzunguka pande zote, na mbele yake sanduku kubwa la mbao, limefunguliwa kifuniko, limejaa viatu vya mji mzima. Simba akalitazama sanduku. Akalitazama tena. Akalifunika kwa mawazo, akalitia giza.

"Sanduku hili," akasema polepole, "si benchi?"

"Benchi?" akasema fundi.

"Mimi hukaa hapa. Kila alfajiri nikisubiri basi. Nilijua ni benchi la halmashauri."

Fundi akaweka nyundo chini. Akainua miwani. "Ni wewe! Wewe ndiye wa gazeti!"

"Gazeti gani?"

"Si unaacha gazeti juu ya sanduku langu? Kila nikija nalikuta limekunjwa vizuri. Miaka yote najiuliza, nani huyu mstaarabu? Nalisoma lote mimi. Lile fumbo la maneno unaishia nusu, nusu namalizia." Akampa mkono, mkono mgumu wenye gundi. "Jumapili silikuti, najua umepumzika. Siku moja hukuja Jumanne, nikamwambia mke wangu, jamaa yangu anaumwa."

Simba alishika ule mkono na macho yakamwasha, nao watu wa kituoni wakadhani ni gundi. Ndani ya mji ambao hakumjua hata jirani wa ukutani, palikuwa na mtu aliyegundua kwamba hakuonekana Jumanne.

"Haya, lete mgonjwa," akasema fundi.

Kiatu kikatolewa mfukoni. Fundi akakikunja, akakinusa, akakigonga kisigino.

"Mkanda si tatizo. Tatizo ni soli, imeachia yote. Nikishona leo juu juu, kesho mtanirudia mkinitukana. Hiki navua soli, napaka gundi, kinalala na uzito juu, kisha nashona kwa mkono. Alhamisi."

"Alhamisi!" Simba akapiga kelele mpaka karata za wazee zikasimama ng'ambo ya barabara. "Fundi! Ewe mshika sindano, ewe tabibu wa miguu ya mji, msomaji mwenzangu! Nimevuka mitaa, nimezunguka tangi mara tatu, nimeaibika mbele ya jirani. Piga hata sindano mbili, kifike Jumapili! Mama anasafiri kesho!"

"Ndugu yangu, naweza. Lakini sitaki."

"Mwache mtu afanye kazi yake," akasema mama mkwe.

Ndilo neno lake la kwanza tangu kwa jirani. Akafungua mkoba wake, akatoa kiatu cha pili, kile kizima, alichokuwa amekibeba muda wote bila kusema, akakiweka mbele ya fundi kando ya mwenzake.

"Na hiki je?"

Fundi akakikunja. "Hiki nacho kiko njiani kwenda kule kule."

"Basi zivue soli zote mbili. Nitavifuata mwenyewe Alhamisi."

"Lakini Mama," akasema Simba, sauti imekwisha, "tiketi ni ya kesho."

"Tiketi niliikata mimi. Najua ni ya lini."

Msidhani alielewa. Mtu mwenye kusikia kamba ya lifti ikikwaruza ghorofa nane juu yake hakuelewa! Alijiona ameshindwa vita. Alirudi nyumbani kichwa chini, mfuko mtupu mkononi, nyuma ya mama mkwe, maana sasa ndiye aliyeongoza, akiwasalimu wenye ndoo, akimwuliza yule mpakaji rangi bei ya kiti, akimpungia jirani wa shuka. Mkono mtupu haulambwi, akawaza Simba, na huu wangu hata kuoshwa haufai.

Mkewe alikuwa mlangoni. Akautazama mfuko mtupu, akaitazama miguu ya mama yake ndani ya ndala.

"Kiatu kiko wapi?"

"Nimeshindwa," akasema Simba, bila hotuba.

"Viko kwa fundi, vyote viwili," akasema mama. "Anavitia soli. Alhamisi."

"Alhamisi? Mama, na safari ya kesho?"

"Nisafiri na ndala za mumeo? Watu watanionaje?" Akaketi kwenye ngazi ile ile ya mlangoni, akavua ndala, akasugua vidole. Kisha akasema taratibu, bila kumtazama bintiye, "Wewe ulikuwa hulali kwa kunihofia mimi, kwamba nikianguka nani atasikia. Hukuniambia kwamba na wewe ukianguka hakuna wa kusikia."

Mke wa Simba akafunika uso kwa kanga na kulia, kilio cha mtu aliyechoka kuwa imara, naye mama akamvuta akae karibu yake. Simba alisimama na mfuko wake. "Nisamehe," akasema. Mkewe akanyoosha mkono bila kuinua kichwa, akakamata suruali yake, akamkalisha chini na yeye. Ngazi ilikuwa nyembamba, wakabanana.

"Mpaka hiyo Alhamisi mimi nitavaa nini?" akauliza mama. "Ndala hizi zitaniua."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mji ule, na kama mji ule hauna kumbukumbu, na zianzie hapa: kwamba Simba wa Ghorofa ya Kumi na Mbili alitoka nyumbani asubuhi na kiatu kimoja kibovu, akarudi adhuhuri bila kiatu hata kimoja, akiwa amevunja kiapo chake chote mbele ya mashahidi, na kwamba hakuna amiri yeyote, katika vita vyovyote, aliyepata kushindwa vizuri kuliko hivyo. Tiketi ya Jumapili ilibaki juu ya friji, na basi likaondoka na kiti kimoja kitupu.